Kuipachika Google Drive kama diski ya kompyuta ya nyumbani, kwa rclone

Google hutoa GB 15 za bure kwa kila akaunti, na GB hizo zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na Google Photos. Wengi wanaingia humo kwa kivinjari tu: pakia faili moja, shusha nyingine, funga. Ukitaka hifadhi hiyo ionekane ndani ya kompyuta kama diski nyingine, yenye herufi yake, programu ninayoipendekeza ni rclone. Ni ya bure, ni ya chanzo huria, na ilianzishwa na Nick Craig-Wood. Google wenyewe wana programu yao ya Drive kwa Windows na Mac, na asiyetaka kugusa amri atosheke nayo. Ya Linux hawana. rclone inafanya kazi kote huko, inaelewana na OneDrive, Dropbox, Mega na Nextcloud kwa amri zilezile, na inakuachia wewe usukani wa bando.

Kabla ya kusakinisha chochote, shika hili: diski utakayoiona si diski. Faili ziko kwenye seva za mbali. Ukifungua moja, rclone inaishusha. Ukiihifadhi, inaipakia yote upya hata kama umebadilisha herufi moja. Malalamiko mengi kuhusu hifadhi za mtandaoni yanatokana na kusahau jambo hilo.

Kwenye Windows unahitaji vitu viwili. rclone peke yake haiwezi kutengeneza diski. Lazima iwepo WinFsp, programu ndogo inayoifanya Windows ikubali diski isiyo ya kweli. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike:

winget install WinFsp.WinFsp
winget install Rclone.Rclone

Kwenye Ubuntu au Debian, sakinisha fuse3 (inayofanya huko kazi ya WinFsp) kwa apt, lakini rclone yenyewe ichukue kwenye tovuti ya rclone.org, maana toleo la apt mara nyingi limepitwa na wakati.

Sasa andika rclone config, kisha n kwa muunganisho mpya, na uupe jina, tuseme gdrive. Itakuja orodha ndefu ya huduma zenye namba. Usifuate namba uliyoiona kwenye maelekezo ya mtu, kwa kuwa namba hubadilika kila toleo jipya linapotoka. Andika neno drive. Itakuuliza client_id na client_secret, yaani kitambulisho na siri yake vinavyoitambulisha programu kwa Google. Ukibonyeza Enter bila kujaza, utatumia kitambulisho cha pamoja cha watumiaji wa rclone dunia nzima, na foleni yake utaihisi. Ni bora utengeneze chako kwenye console.cloud.google.com: anzisha mradi, washa Google Drive API (mlango ambao programu hupitia kuingia Drive), jaza ukurasa wa idhini, kisha tengeneza kitambulisho cha aina ya Desktop app. Ni bure.

Hapo pana mtego mmoja. Mradi mpya huwa katika hali ya Testing, na katika hali hiyo ruhusa uliyoipata hufa baada ya siku 7. Mambo yanakwenda vizuri wiki nzima, halafu asubuhi moja unaletewa ujumbe wa invalid_grant. Bonyeza Publish app kwenye ukurasa uleule wa idhini. Google wataonya kwamba programu haijathibitishwa. Programu ni yako, endelea. Ruhusa iliyokwisha kufa hufufuliwa kwa rclone config reconnect gdrive: bila kuanza upya.

Swali la scope lijibu 1, yaani ruhusa kamili. Kuna chaguo la drive.file linalovutia watu kwa kuwa linaonekana salama zaidi, ila linaonyesha faili zilizopakiwa na rclone tu, kwa hiyo utafungua Drive yako na kuikuta tupu. Maswali yaliyobaki pitia kwa Enter. Mwishoni kivinjari kitafunguka, ingia kwenye akaunti yako na ukubali. Hakikisha kwa amri mbili:

rclone lsd gdrive:
rclone about gdrive:

Ya kwanza inaorodhesha folda, ya pili inaonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki. Nukta mbili baada ya gdrive si pambo. Ukiziacha, rclone inadhani gdrive ni folda ya hapohapo kwenye kompyuta. Ukinakili picha bila nukta mbili, itatengeneza folda mpya yenye jina hilo, itanakili kila kitu humo, na itakuambia kazi imekamilika. Nawe utaamini picha zimefika Google.

Kuipachika kama diski W: ni hivi:

rclone mount gdrive: W: --vfs-cache-mode full --vfs-cache-max-size 10G --dir-cache-time 72h --log-level INFO --log-file C:\rclone\kumbukumbu.txt

Tengeneza kwanza folda ya C:\rclone, ambamo itakaa kumbukumbu.txt, faili ambayo rclone huandika taarifa za kazi yake. Tumia dirisha la kawaida la amri, si lile la Administrator: diski iliyopachikwa na Administrator haionekani kwenye dirisha la faili la mtumiaji wa kawaida, hata kama mtumiaji huyo ni wewe mwenyewe.

Kilicho muhimu kuliko vyote katika amri hiyo ni --vfs-cache-mode full. Usipoiandika, rclone haiweki akiba yoyote ya faili kwenye kompyuta, na programu kama Word, zinazofungua faili kusoma na kuandika kwa pamoja, zitagoma kuhifadhi. Ukiiweka, unachokisoma kinabaki kwenye folda ya akiba ndani ya C:, na unachokiandika kinatua hapo kwanza. Sekunde 5 baada ya faili kufungwa, upakiaji unaanza. Faili kubwa haishushwi yote kwa mkupuo. Video ya GB 2 ukitazama dakika tano za mwanzo, kinachoshuka ni sehemu hiyo na kidogo cha mbele yake.

Kikomo cha 10G ni cha kuombea, si ukuta. rclone hukagua akiba kila dakika moja, na haifuti faili iliyo wazi wala ile ambayo haijamaliza kupanda. Ukimwaga GB 30 ndani ya W: kwa mara moja, C: itajaa GB 30 zikisubiri zamu. Mwenye laptop ya SSD ya GB 128 ashike hilo.

Umeme ukikatika katikati ya upakiaji, faili haijapotea. Iko kwenye akiba, na ukiwasha rclone tena kwa amri ileile, vigezo vilevile, itaendelea kupakia zilizobaki. Ndiyo maana usifute folda ya akiba ili "kupunguza uzito" kabla ya kuangalia kumbukumbu.txt. Tafuta mstari wa mwisho wenye maneno vfs cache: cleaned. Ukisema to upload 0, uploading 0, basi vyote vimefika.

Ili diski ijipachike kila unapoingia, tumia Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe: tengeneza kazi ya At log on, weka amri ileile na uongeze --no-console. Kisha fungua mipangilio yake, maana ya kiwandani yana mambo matatu yasiyofaa hapa. Kazi huanza tu kama laptop iko kwenye umeme. Kazi husimamishwa laptop ikihamia kwenye betri. Kazi husimamishwa ikifika siku 3. Ondoa tiki zote tatu. Hiyo ya betri ndiyo inayosumbua kwetu: umeme unakatika, laptop inaendelea kuwaka kama kawaida, W: inatoweka, na lawama zote zinaangukia intaneti.

Linux ni rahisi zaidi. Tengeneza folda ~/Wingu na utumie amri ileile, ukiweka ~/Wingu mahali pa W:, njia ya kumbukumbu ya Linux, na --daemon mwishoni. Kuiondoa ni fusermount3 -u ~/Wingu. Ukiona ujumbe wa Transport endpoint is not connected, rclone imekufa na kuacha folda ikining'inia. Tumia fusermount3 -uz, kisha pachika tena.

Tuje kwenye bando. Adui wa kwanza ni picha ndogo ndogo za dirisha la faili. Ukifungua folda ya picha 800 ukiwa umechagua mwonekano wa picha, Windows inaisoma kila faili ili ichore kijipicha chake, na kusoma maana yake ni kushusha. Katika Folder Options washa Always show icons, never thumbnails. Programu ya kupambana na virusi nayo izuiwe isikague W: nzima.

Kasi inawekewa kikomo kwa --bwlimit, lakini angalia vipimo: rclone inahesabu baiti, watoa huduma wanatangaza biti. --bwlimit 1M ni takriban megabiti 8 kwa sekunde, pengine zaidi ya laini yako nzima. Inaweza pia kufuata ratiba:

--bwlimit "08:00,128k 23:00,off"

Saa hapa ni za kizungu. 08:00 ni saa mbili asubuhi na 23:00 ni saa tano usiku, kwa hiyo mwenye bando la usiku apange kwa hesabu hiyo. Na kabla ya kupanga, piga hesabu ya muda: GB 1 ni megabiti 8,000, laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itahitaji sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba, kama haitayumba.

Kwa mzigo mkubwa wa mara ya kwanza, usiburute mafolda kwenye W:. Tumia amri ya moja kwa moja:

rclone copy D:\Picha gdrive:Picha -P

Ikikatika, irudie; zilizokwisha kufika inaziruka. Ila faili iliyokatikia njiani inaanza tangu mwanzo, kwa hiyo video ya GB 8 kwenye laini dhaifu igawanye vipande kwanza. Faili ndogo nyingi zina tatizo lake: Google Drive inapokea takriban mbili kwa sekunde, laini iwe na kasi iwavyo. Risiti 5,000 zitachukua zaidi ya dakika 40 hata zikiwa na KB 10 kila moja. Zifunge kwenye zip.

Kuna copy na kuna sync. sync inaifanya folda ya mbali ifanane kabisa na ya kwako, pamoja na kufuta kule kisichokuwepo huku. Ukiipa folda tupu kama chanzo kwa bahati mbaya, itasafisha Drive kwa utii mkubwa. Tanguliza --dry-run kila mara. Itaonyesha ingefanya nini bila kufanya.

Kuna vitu visivyofaa kukaa W: hata siku moja: faili ya PST ya Outlook, hifadhidata ya programu ya mauzo, diski za VirtualBox. Hizo huandikwa kidogo kidogo mchana kutwa, na kila mabadiliko madogo yanaweza kupandisha GB nzima upya. Zifanyie kazi kwenye C:, kisha nakili kwa copy jioni programu ikiwa imefungwa.

Faili ya rclone.conf, iliyo ndani ya %APPDATA%\rclone, ina ufunguo wa Drive yako, na bila kuwekewa nenosiri inasomeka. Mtu akiinakili anaingia bila kuulizwa lolote. Fungua rclone config, chagua s, uweke nenosiri. Kuanzia hapo rclone italiuliza kila inapowashwa, na ile kazi ya Task Scheduler haitaenda bila kupewa nenosiri hilo kupitia kigezo cha mazingira (environment variable) kiitwacho RCLONE_CONFIG_PASS. Ukiona usumbufu huo ni mkubwa, basi angalau ihamishe faili hiyo kwenye flashi kabla ya kupeleka kompyuta kwa fundi. Kompyuta ikiibiwa, ingia myaccount.google.com kwa simu, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa na akaunti yako, na uiondolee rclone ruhusa.