Nikeli, zirkonia na matundu: anodi ya seli ya fueli ya joto kali

Seli za fueli za oksidi yabisi, vifaa vinavyogeuza fueli kama haidrojeni kuwa umeme, hufanya kazi kwenye nyuzi 600 hadi 1,000 za Selsiasi. Anodi ni upande wa seli ambako fueli humenyuka na kutoa elektroni. Nikeli hupitisha elektroni vizuri na huvunja molekuli za haidrojeni bila taabu, lakini ikiachwa peke yake katika joto hilo chembe zake huungana na kunenepa, na kwa kuwa hutanuka kuliko elektroliti ya zirkonia (tabaka la kauri ya oksidi ya zirkoniamu linalopitisha ioni za oksijeni), hatimaye hubanduka. H. S. Spacil wa General Electric alilikabili tatizo hilo kwa kuchanganya nikeli na zirkonia yenyewe, katika hataza aliyopewa Marekani mwaka 1970, na mpaka leo anodi mpya hupimwa kwa kulinganishwa na mseto huo.

Zirkonia haikuwekwa humo kuwa kiunzi tu. Mmenyuko hutokea pale zinapokutana zirkonia inayoleta ioni za oksijeni, nikeli inayopokea elektroni, na tundu linaloingiza haidrojeni na kutoa mvuke wa maji. Nikeli ikiwa tupu, makutano hayo huishia kwenye uso wa elektroliti. Ikiwa katika mseto, huenea ndani ya anodi kwa takriban maikromita 10. Nikeli ikipungua chini ya asilimia 30 hivi ya ujazo wa yabisi, chembe zake haziunganiki tena na umeme hukwama, hata viambato viwe safi namna gani.

Maabarani kidonge cha anodi huanza kikiwa cha kijani, kwa sababu kina oksidi ya nikeli, zirkonia na wanga (naam, wanga wa mahindi au mchele hufaa) unaoungua tanuruni na kuacha matundu. Kikipitishiwa haidrojeni hugeuka kijivu, na ile oksidi hupoteza takriban asilimia 40 ya ujazo wake, hivyo matundu huongezeka. Hewa ikivuja seli ingali na moto, nikeli hurudi kuwa oksidi, huvimba na kuipasua zirkonia.

Wengine hulowesha kiunzi cha zirkonia kwa myeyusho wa nitrati ya nikeli ili kupata chembe ndogo mno, na umeme wa mwanzoni huwa mwingi kweli. Mimi sivutiwi na kipimo cha siku ya kwanza, kwani chembe ndogo ndizo zinazowahi kunenepa. Nionyesheni picha ya hadubini ya anodi hiyo baada ya saa elfu kadhaa za kazi.