Njia nne tu

Mwaka 2022 mpwa wangu aliniletea kompyuta yake ikiwa na kadi mpya ya grafiki, RX 6500 XT, iliyotoka Januari mwaka huo kwa dola 199. "Mjomba, wastani unasoma fremu 60, mbona gemu lina kigugumizi?"

Wastani huficha mengi. Fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Moja ikichelewa hadi 50, wastani hautikisiki, ila jicho limeshaona. Tukaacha wastani, tukapima asilimia 1 ya fremu za polepole zaidi. Hapo ndipo mashimo yalipojitokeza, na yote yalitokea memori ya kadi ilipojaa.

Kadi hiyo ina GB 4 tu. Zikijaa, tekscha (picha zinazovishwa vitu vya gemu) zinazobaki huwekwa kwenye RAM ya kompyuta na kuvutwa kupitia PCIe, kiungo cha data kati ya kadi na kompyuta. Nikafungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, huku gemu likiendelea, kwa sababu kadi ikipumzika hushusha kasi ya PCIe yenyewe na usomaji unapotosha. Ikasoma njia 4 za data, PCIe kizazi cha 3 (3.0). Sloti ni ndefu ya x16, lakini kadi imeunganishwa kwa njia 4 pekee, na prosesa yake, Ryzen 5 2600 kwenye madabodi ya B450, haivuki PCIe 3.0. Hiyo ni kama GB 3.9 kwa sekunde, wakati memori ya kadi yenyewe hutoa GB 144. Kuvuta MB 100 za tekscha huchukua milisekunde 25 hivi, zaidi ya muda wa fremu nzima. Kwenye PCIe 4.0, kizazi kinachofuata, zingetosha milisekunde 13. Kadi ile ile, bei ile ile, thamani tofauti kabisa. (Madabodi ya B550, inayokubali PCIe 4.0, nayo si dhamana: ukiipachika prosesa ya Ryzen 5 5600G, bado unapata 3.0.)

Tukashusha tekscha daraja moja, kigugumizi kikaisha. Lakini kijana alitaka pia kurekodi gemu zake, na kadi hii haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili la kuhifadhi. Mzigo wote ungeangukia prosesa. Kwake yeye, dola 199 zilikuwa nyingi mno.

Akairudisha dukani, tukaenda kutafuta RX 580 iliyotumika: GB 8, njia 16, na husimba video. Inakula umeme zaidi, wati 185, kwa hiyo kwanza tulihakikisha pawa saplai yake ina waya wa pini 8. Kisha tukaomba kadi iwashwe tukiwepo. Tuliiendesha kwa mzigo dakika 20, tukisikiliza feni na kutazama joto, halafu tukaangalia idadi ya viini (vitengo vya kuchakata vya kadi) kwenye GPU-Z, kwani liko toleo dhaifu linalouzwa kwa jina hilo hilo, lenye viini 2048.

Ikasoma 2304. Tukalipa.