Nilivyotengeneza mbao za koniholi kwa vitu vilivyokuwa vimelala stoo

Mzee wangu alifanyiwa upasuaji wa goti, na baada ya hapo akawa mtu wa kukaa kwenye kiti anaangalia wajukuu wanakimbizana na mpira, yeye hawezi. Ilikuwa inaniuma kwakweli. Nikawa natafuta mchezo ambao babu na mtoto wa miaka saba wanaweza kucheza pamoja bila mmoja kumhurumia mwenzake, ndo nikakutana na koniholi, ule mchezo wa kurusha vifuko vya mahindi kwenye ubao ulioinama wenye tundu huku juu. Marekani wanaucheza sana, mpaka ligi wanazo. Kifuko kikiingia tundu pointi 3, kikibaki juu ya ubao pointi 1, wa kwanza kufika 21 kashinda. Unasimama sehemu moja unarusha kwa mkono wa chini, goti halisumbuki.

Seti za kununua nilizoziona sikuziweza. Ila nilivyoangalia vizuri nikaona mbona hii ni plaiwudi na mbao tu? Nikaingia stoo. Kulikuwa na plaiwudi nzima ya milimita 9 iliyobaki kwenye kazi ya makabati, mbao za kitanda kilichovunjika, rangi nyeupe nusu kopo, na mfuko wa nguo za kutupa wenye jinzi na suruali za kaki. Nilichonunua ni skrubu, bolti nne, msasa, vanishi, mahindi na uzi mgumu. Drili nilikuwa nayo, na jigsoo, ule msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba, niliazima kwa rafiki.

Vipimo ni hivi: ubao mmoja ni sentimita 122 kwa 61, kwaiyo plaiwudi moja ya kawaida ya 122 kwa 244 inakupa vipande vinne, yaani seti mbili kamili, maana seti moja ni mbao mbili zinazotazamana. Msumeno unakula milimita chache kila unapopita, usihangaike nazo, hata mimi sikuhangaika nazo. Fremu ya chini nikaiunga na zile mbao za kitanda, ndefu mbili za 122 na fupi mbili zinazokaa katikati yake. Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanachukua ile hesabu ya karatasini wakati mbao zao zina unene mwingine kabisa. Mbao inayoitwa mbili kwa nne mara nyingi haifiki inchi mbili ikishapigwa randa. Pima unene wa mbao uliyonayo mkononi, zidisha mara mbili, toa kwenye 61, hapo ndo urefu wa kipande kifupi. Pia nilitoboa matundu madogo kwanza kabla ya kupiga skrubu maana mbao kavu ya zamani inapasuka mwishoni ukiilazimisha.

Sasa tundu. Kipenyo chake sentimita 15, na kitovu chake kinakaa sentimita 23 kutoka ukingo wa juu, katikati kabisa ya upana. Sikuwa na kitu cha kuchorea duara kubwa hivo, nikapiga msumari mdogo pale kwenye kitovu, nikafunga uzi, upande wa pili penseli, nikapima 7.5 kutoka msumari mpaka ncha ya penseli nikazungusha huku uzi umekaza. Duara likatoka safi. Nikatoboa tundu kwa drili ndani ya mstari ili bledi ipate pa kuingilia, alafu nikaanza kukata taratibu, sipindishi msumeno bali nazungusha mwili wangu nauzunguka ubao, maana ukiupindisha kwa nguvu bledi inalala na upande wa chini unatoka mpana kuliko wa juu. Kuna Mmarekani anaitwa Heyliger de Windt alisajili hataza ya mchezo unaofanana sana na huu mwaka 1883, na ubao wake ulikuwa na tundu la mraba, na nikiwa pale na jigsoo inatetema mkononi nilimwelewa kabisa yule bwana.

Baada ya kukata, ukingo wa tundu unakuwa na vibanzi. Usiuache hivo, utachana vifuko. Nilizungushia msasa kwenye chupa nikawa nasugua ndani ya tundu kama mtu anayesafisha mtungi, msasa mkali kwanza namba 80, alafu 120, mwisho 220, mpaka nikipitisha kidole hakikwami popote. Hii kazi ilinichukua muda kuliko kukata kwenyewe na sijutii hata dakika moja.

Miguu ndo iliyonipa shida. Nyuma ya ubao panatakiwa pawe juu sentimita 30 kutoka chini, mbele hapazidi 10. Ubao wa kwanza nilipiga hesabu kichwani, nikakata miguu, nikaifunga, nikausimamisha ubao ukawa unacheza, mguu mmoja umegusa mwingine unaelea, na pembe ya chini haikai sawa na ardhi. Mbao nzuri mbili zikaharibika. Ubao wa pili nikafanya tofauti: nilifunga miguu kwa bolti ikiwa bado mirefu, nikauweka ubao juu ya meza, nikainua nyuma kwa matofali mpaka tepu ikasoma 30, mguu ukawa unaning'inia nje ya ukingo wa meza, nikaweka penseli juu ya meza nikachora mstari kwenye mguu kufuata usawa wa meza. Unakata pale pale. Pembe inatoka yenyewe, huna haja ya hesabu yoyote. Nikarudia na ule wa kwanza kwa mbao nyingine. Kichwa cha mguu kiwe cha duara ili ukunje mguu ndani ya fremu, na weka washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, pande zote mbili za bolti isiile mbao.

Nikacheza mara ya kwanza kabla ya kupaka rangi. Kifuko kinatua, kinaruka kama kimepigwa teke. Plaiwudi ya 9 ni nyembamba kwa kazi hii, inayotakiwa ni ya 12 au zaidi. Kutupa sikutaka, kwaiyo nikageuza ubao, nikaweka mbao ya kukatiza katikati ya fremu, chini kidogo ya tundu, nikapaka gundi ya mbao juu yake na kuifunga skrubu kutoka pembeni. Ule mrindimo ukafa. Ukiwa na ya 12 sawa, ila kama una ya 9 nyumbani usiiache, hiyo mbao moja inaiokoa.

Rangi sina mengi. Puti kwenye vichwa vya skrubu, msasa, praima, rangi mikono miwili, vanishi mikono mitatu huku napitisha msasa laini katikati. Chukua vanishi ya maji kama rangi yako ni nyeupe, ya mafuta inageuka njano. Na uso uwe laini wa kuteleza, maana raha ya huu mchezo ni kifuko kutua mbele na kuteleza chenyewe mpaka kwenye tundu.

Vifuko ni nane, vinne vya kila rangi. Mimi vya jinzi vinne, vya kaki vinne. Nilikata vipande vya mraba sentimita 18, unashona pande tatu na nusu kwa ndani ukiacha karibu sentimita moja na nusu ya kitambaa, unageuza, unapata kifuko cha 15 kwa 15. Shona mara mbili, tena kwa uzi mgumu, nasisitiza, maana kifuko kikipasuka hewani mahindi yanamwagika uwanja mzima. Kila kimoja kinabeba karibu gramu 450, kwaiyo vyote nane vinataka kama kilo tatu na nusu na kidogo. Pima kimoja kimoja kwenye mzani wa jikoni, usikadirie kwa kikombe, mkono unaijua tofauti hata ndogo. Nilichekecha mahindi kwanza kutoa vumbi. Na visilale nje! Viwili vya mwanzo viliachwa kwenye majani usiku, vikanyonya umande, baada ya siku kadhaa vikaanza kunuka uvundo nikavifumua na kuvijaza upya. Sasa vinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, fukusi hawaingii. Ukitaka vya kudumu jaza punje za plastiki.

Umbali ni mita 8.2 kati ya kingo za mbele za mbao mbili, ila mtoto msogezee mpaka 6.4. Na pointi mnakatana kila raundi, mimi nikipata 4 na wewe 3, naandika 1 tu. Hii sheria ndo inafanya mchezo usiishe mapema hata kama mmoja ni hodari.

Mzee sasa ana mkono wa ajabu. Anarusha kifuko kinazunguka bapa kama sahani, kinatua nusu ya ubao, kinapanda polepole, kinafika kwenye ukingo wa tundu kinasita, alafu kinazama. Mwanangu wa mwisho anamwita "babu wa tatu" kwa sababu ya zile pointi. Vile vipande viwili vya plaiwudi vilivyobaki nimeshavichora duara, nasubiri jigsoo irudi kwangu wikiendi.