Dar hadi Mbeya: nilivyopiga hesabu kuanzia mlangoni

Ukienda kwa barabara, Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi. Angani, hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni kama 700. Hazipishani sana. Kinachopishana ni saa, na hapo ndipo wengi tunadanganyana: ndege "saa moja na robo", basi "siku nzima". Ndege sawa, iko hewani kwa muda huo. Lakini mimi siishi uwanjani.

Nakaa Mbezi Luis, jirani na stendi ya Magufuli. Kulipokuwa na kikao cha mahari ya mdogo wangu nyumbani Mbeya, Jumamosi saa nne asubuhi, nikaamua kwenda kwa ndege, ila si ya Jumamosi. Songwe asubuhi ukungu ukikaa, ndege husubiri, na wazee hawasubiri. Nikakata ya Ijumaa mchana.

Hesabu ilikuwa hivi: saa moja na nusu kutoka Mbezi hadi uwanja wa Nyerere, kwa foleni ya siku hiyo. Saa mbili za kukaguliwa na kusubiri. Ndege yenyewe. Kisha teksi kutoka Songwe kupitia Mbalizi hadi nyumbani, zaidi ya kilomita 20. Jumla, saa sita. Mjomba aliponikuta nimekaa sebuleni akasema, "Na ndege yako yote hiyo, umefika jioni!"

Kurudi nilipanda basi, kwa makusudi. Nani anatoka Mbeya mikono mitupu? Nilikuwa na gunia la mchele wa Kyela, viazi na mkungu wa ndizi. Kwenye ndege, ukizidisha kilo unalipia. Basi lina buti, nako unalipia kidogo, unaelewana na konda.

Tuliondoka saa 12 asubuhi. Ukigawa 830 kwa 80, mwendo wa juu wa basi, unapata saa kumi na ushee. Usiiamini. Kuna foleni ya Uyole, mizani ya Makambako, vijiji vya hamsini kwa saa vilivyofuatana, kula, kuchimba dawa. Na kuna Kitonga. Huo mteremko ndio unaokula muda: malori ya Zambia na Kongo yanashuka kwa gia nzito, mengine yanapanda yakitoa moshi, na kona hazikuruhusu kupita. Dereva wetu alikaa nyuma ya lori la mafuta mpaka chini, abiria wakinung'unika. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo.

Chini ni Ruaha Mbuyuni, joto linakupokea. Sweta ulilolivaa tangu Mafinga unalivua. Vitunguu vinapandishwa hadi dirishani. Mikumi, barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50, mwendo unashuka tena, tukaona twiga bila kulipa kiingilio. Mbezi tukaingia saa mbili usiku kasoro. Karibu saa kumi na nne, lakini kutoka stendi hadi kwangu ni bodaboda mbili tu, moja yangu, moja ya gunia.

Anayekaa Gongo la Mboto hesabu yake inageuka kabisa: uwanja uko jirani, na kufika Mbezi alfajiri na mizigo ni safari nyingine. Huyo ndege inamlipa zaidi, ila mchele autume kwa basi.