Takwimu Zisizo na Majina Bado Zinahitaji Ridhaa

Julai 2024, toleo la 128 la kivinjari cha Firefox lilikuja na mfumo wa majaribio wa kupima ufanisi wa matangazo, uliobuniwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kwa kushirikiana na Meta, kampuni mama ya Facebook, nao ulikuwa umewashwa kabla mtumiaji hajaulizwa. Septemba mwaka huohuo, noyb, shirika la Vienna la kutetea faragha, lilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Austria, likidai kwamba sasa kivinjari chenyewe kinawafuatilia watu.

Kuondolewa kwa jina hakutoshi kumkinga mtu. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani rekodi za utafutaji za watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamegeuzwa namba, na haukupita muda waandishi wa gazeti la The New York Times wakamtambua mama mmoja wa jimbo la Georgia kwa yale tu aliyoyatafuta. Kilichomfichua ni namba ileile kuambatana na kila alichokitafuta. Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliangalia ni iwapo mkusanyaji anaweza kuunganisha tendo langu la leo na la kesho.

Kwa kipimo hicho, mfumo wa Firefox ulikuwa umeundwa kwa uangalifu mkubwa. Kivinjari kiliigawa taarifa katika sehemu mbili zilizofichwa kihisabati, moja ikaenda kwa Mozilla na nyingine kwa ISRG, shirika linaloendesha Let's Encrypt, huduma ya bure ya vyeti vya usalama vya tovuti. Sehemu moja peke yake haina maana, na mtangazaji alikusudiwa kupata jumla tu, tena iliyovurugwa kidogo kwa makusudi. Madhali pande hizo mbili hazili njama, mimi siuiti huo ufuatiliaji.

Hata hivyo, naliunga mkono lalamiko. Kanuni za Ulaya kuhusu faragha ya mawasiliano zinadai ridhaa kabla ya kusoma au kuhifadhi taarifa katika kifaa cha mtu, pasipo kujali kama taarifa hiyo inamtambulisha, na naona zimeshika mzizi wa jambo: kompyuta ni yangu, na kivinjari kinanitumikia mimi. Wapo wanaosema hesabu hizi ni ngumu mno kuelezwa kwa mtumiaji wa kawaida. Hoja hiyo inaniudhi, maana aliyechagua Firefox badala ya Chrome kwa ajili ya faragha amekwisha kuonyesha kwamba anajali, na sentensi tatu zilizo wazi zingetosha kumwomba idhini. Tor Browser, kivinjari kinacholenga faragha, haikusanyi takwimu za matumizi kabisa, na watengenezaji wake bado wanaendelea kuiboresha.