Hilux yangu ilikuwa inamisi kwa kuvizia, kumbe inavuta hewa

Miezi minne nimehangaika na hii pikapu. Hilux ya 1999, injini ya 5L, ile dizeli ya silinda nne cc 2,986 isiyo na taabo wala kompyuta, gari ambayo kila fundi hapa Morogoro anakwambia "hiyo haiumwi hiyo", sasa ya kwangu ikaamua kuumwa, tena kwa kuvizia. Asubuhi naiwasha inashika vizuri, sekunde kumi hivi, halafu inaanza kumisi, yaani silinda moja inaacha kuchoma, inatikisika mpaka kwenye saiti mira huoni kitu, sailensa inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, dakika mbili tatu imetulia. Siku nyingine haifanyi kabisa. Siku nyingine inanifanyia katikati ya mlima wakati napanda Mgeta kufuata kabichi, ila nikiipeleka gereji, wallahi, inanguruma kama imetoka bandarini jana.

Hapo ndo pesa inapoliwa maana fundi ugonjwa hajauona, anabahatisha tu. Wa kwanza akasema nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zikatolewa zote nne zikapelekwa kupimwa, moja kweli ilikuwa inakojoa badala ya kupuliza, tukabadilisha ncha, gari ikakaa sawa siku tano nikajua tumemaliza. Siku ya sita ikarudi. Wa pili akasema maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, nikaweka mpya, mtikisiko ukapungua ila kumisi kuko palepale. Wa tatu hata hakuiwasha, alinisikiliza akasema pampu ya dizeli imekufa, lete laki sita. Nikasema ngoja kwanza.

Nikaanza kuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma: tarehe, gari ililala wapi, mafuta yalikuwa kiasi gani, baridi au joto. Baada ya wiki tatu nikaona kitu ambacho kilinitia aibu kwa kutokukiona mapema. Nikiwa na tanki limejaa haimisi, haijawahi hata siku moja. Inamisi mshale ukishuka chini ya nusu, na zaidi ikilala imeelekea juu, maana nyumbani kwangu pa kupaki ni kilima.

Nikamfuata mzee mmoja jirani, zamani alikuwa fundi wa malori, sasa amestaafu anafuga kuku. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamsomea daftari lote. Akaniuliza swali moja tu, "ikimisi, inamisi silinda ipi?" Sijui. "Basi kajue."

Akanielekeza. Injini ikiwa inatikisika, chukua spana ya 17, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, mlio ukibadilika ukawa mbaya zaidi ujue hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, kaza, nenda nyingine, isiyobadilisha kitu ndo mgonjwa mwenyewe. Na kidole usipeleke pale, presha ya dizeli inapenya ngozi. Nikafanya siku ya kwanza nikapata namba tatu. Siku ya pili nikapata namba moja! Nikajua nimekosea, nikarudi kwa mzee kichwa chini, yeye akacheka. "Nozeli haihami mwanangu. Hewa ndo inahama."

Hii injini haina pampu ndogo kule kwenye tanki ya kusukuma mafuta, ile pampu kubwa mbele ndo inayavuta yenyewe toka tanki hadi filta hadi kwake. Kwa hiyo bomba lote hilo linafanya kazi kama mrija wa soda. Tundu likiwa upande wa presha dizeli inachuruzika unaliona, ila likiwa upande wa kuvuta linanyonya hewa, nje pakavu kabisa, na mafundi wawili wa kwanza walikagua wakasema haivuji! Tanki likipungua au pua ya gari ikiwa juu, mafuta yako chini zaidi, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, hewa inaingia. Hewa inabonyea, nozeli iliyopata povu haifiki presha ya kufunguka vizuri, ndo kumisi.

(Nilimuuliza pia kuhusu solenoidi, ile swichi ya umeme ya kukata mafuta, kuna mtu alinitisha nayo. Akasema ikiwa waya umechomoka gari inazima papo hapo, haihangaiki kutetemeka.)

Kuhakikisha, tukaning'iniza dumu la lita 5 la dizeli safi kwenye boneti iliyofunguliwa, mpira mmoja unaingia moja kwa moja kwenye pampu, wa ritani unarudi humohumo kwenye dumu, la sivyo linaisha hujamaliza chai. Asubuhi tatu mfululizo, gari imeelekea juu, haikumisi. Kwa hiyo nozeli nzima, pampu nzima, na laki sita yangu nzima.

Sasa tundu liko wapi? Tulihitaji mpira unaoonyesha ndani, na jirani alikuwa anajengewa ukuta, fundi wake ana paipu levo, ule mpira mweupe wa kupimia maji. Nikamwomba kipande. Tukakiweka kati ya filta na pampu, washa, mapovu yanapita kama soda. Tukakihamishia kati ya tanki na filta, mafuta matupu, hakuna povu. Basi ni pale kwenye filta. Tukakaza filta, tukabadilisha oringi, ule mpira wa duara, ya sensa ya maji chini yake, mapovu yapo. Mzee akachota grisi nzito akapaka kuzunguka kile kipampu cha mkono juu ya filta, kile cha kutolea upepo kwenye mabomba ya dizeli, na mapovu yakakata hapohapo tunaangalia. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika, mwembamba kama uzi. Baridi ya asubuhi inaukakamaza, injini ikipata moto unalainika unaziba kiasi.

Kichwa cha filta kizima na kipampu chake nimenunua 35,000, kufunga nusu saa, kutoa upepo dakika tano. Ni wiki ya saba sasa, juzi nimepanda Mgeta mshale uko kwenye robo na haikushtuka.

Fundi wa ukuta alikuja kudai mpira wake, akaunusa, akaniangalia. Nimemnunulia mita 10 mpya.