Brasi au titani? Nilivyonunua regyuleta yangu mwenyewe

Miaka sita nimezamia na regyuleta za ofisi, vile vifaa vya kuvutia hewa ya mtungi chini ya maji, zile zilizokwisha pita vinywani mwa wageni wa nusu dunia, mwaka huu nikasema basi, nanunua yangu. Hela nilikuwa naweka kidogo kidogo tangu Kusi ya mwaka juzi. Kilichobaki kunisumbua ni kimoja tu, ya chuma gani? Maana kuna Mtaliano mmoja alikuja hapa Nungwi na ya titani, rangi ya kijivu imetulia, akanipa niishike na wallahi nilidhani ni plastiki kwa wepesi wake. Nikarudi nyumbani nikawa kila usiku nashinda kwenye simu naangalia titani tu, mke wangu akaanza kuuliza huyo Titani ni nani.

Kwa asiyezamia, ninachozungumzia zaidi ni kile kichwa kinachofungwa kwenye mtungi. Mtungi umejazwa hewa ya presha ya bari 200, kichwa kinaishusha hewa mpaka kama bari 9 au 10 juu ya presha ya maji uliyopo, afu kile kipande cha mdomoni kinamalizia kazi ili uvute kama unavyovuta hewa barazani. Sasa kichwa hicho kinakaa kwenye maji chumvi kila siku ya Mungu, ndo maana chuma chake lazima ukifikirie.

Vingi vimetengenezwa kwa brasi, yani shaba na zinki, ikapakwa nikeli na kromu juu yake. Ni kitu kile kile cha bomba la kuogea la hoteli, usidanganywe na bei. Brasi inachongeka vizuri, haioti kutu nyekundu kama chuma cha kawaida, na ukiwa na fundi wa maana unaikuta ina miaka 20 na bado inafanya kazi. Ugonjwa wake ni ile ngozi ya kromu, ikishakwaruzika, na hukwaruzika pale pale skrubu ya klampu ya kukifunga kwenye mtungi inapobana kila siku, brasi inabaki uchi na ukijani unaanza kujitokeza taratibu kama ukoga.

Stenlesi wala sikuifikiria sana. Watu wanadhani ni nyepesi, sio kweli, kipande cha brasi cha sentimita moja ya ujazo kina gramu kama 8.5, stenlesi 8, wakati titani ni 4.5 tu. Na stenlesi nayo chumvi ikijificha chini ya oringi, kile kipete cha mpira cha kuzuia hewa, inatoboka vitundu vidogo vidogo, huvioni mpaka hewa ianze kuvuja.

Titani sasa ndo mwenyewe, maji chumvi hayaifanyi kitu, haihitaji kupakwa chochote, ukiikwaruza imekwaruzika tu basi. Atomic Aquatics wa Marekani ndo wamejijengea jina nayo, na bei yake unaweza kununua brasi mbili nzuri na chenji ya nauli ikabaki. Kwa mgeni anayepanda zile ndege ndogo kwenda Mafia, ambazo mara nyingi mzigo ni kilo 15, kila gramu anaihesabu na mimi namuelewa. Ila huwa nacheka kimoyomoyo, maana wepesi ule alioulipia akifika kwetu namfidia kwa kipande cha risasi kwenye mkanda ili azame!

Kilichonirudisha nyuma ni oksijeni. Mimi nataka nisomee uzamiaji wa kina kirefu, huko unapanda juu ukivuta mchanganyiko wa oksijeni asilimia 50 au hata 100, na titani kwenye oksijeni nyingi yenye presha inaweza kuwaka moto. Kuwaka kabisa, chuma chenyewe. Ukifungua valvu kwa pupa hewa inagandamizwa ghafla, joto linapanda, kukiwa na kichembe cha uchafu humo ndani imekwisha. Ndo maana utakuta wenye titani wanaambiwa wasivuke asilimia 40. Brasi kwenye oksijeni ni mtulivu, na kwa nitroksi ya 32, yani hewa iliyoongezwa oksijeni ikafika asilimia 32, tunayotumia kila siku hapa zote mbili hazina shida.

Afu kuna binamu yangu yuko Sweden, anazamia kwenye maziwa yao nyuzi 4, akaniambia kaka huku hatuogopi chumvi, tunaogopa barafu. Hewa ikitanuka inapoa sana, sasa kichwa kinatakiwa kinyonye joto kutoka kwenye maji, na brasi inapitisha joto kama mara tano zaidi ya titani. Kichwa kikiganda kinafunguka moja kwa moja na hewa yote inamwagika. Sisi maji yetu hayashuki chini ya nyuzi 24, 25, hata Agosti wageni wanapolalamika baridi, kwa hiyo hilo nikampa pole nikaendelea na mambo yangu.

Nikaenda kwa mzee anayetutengenezea vifaa, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza habari za titani. Hakunijibu. Akavuta droo akanitolea kifilta, kile kidude cha duara kama kidonge kinachokaa mdomoni mwa kichwa pale hewa inapoingilia. Kilikuwa kijani kibichi kabisa. Akasema, "Hiki cha kwako wewe, mwaka jana." Nikaona aibu. Nilisahau kufunga kofia ya vumbi nikaitumbukiza regyuleta nzima kwenye ndoo, maji yakaingia ndani. Yeye husoma vile vifilta kama daktari, kijani ni maji yameingia, wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma, vumbi la kijivu ni mtungi wa alumini. Akaniuliza, "Na spea za hiyo titani yako utazipata wapi, hapa Darajani?"

Tena akaniongezea, hata hiyo ya titani humo ndani springi ni stenlesi, na ncha za mipira ya kupitisha hewa ni brasi ya kromu kama kawaida. Kilichobadilika zaidi ni ganda.

Basi nikachukua brasi, kichwa cha kufunga kwa uzi wa skrubu sio klampu, yaani DIN, maana ule mfumo oringi inakaa ndani imebanwa. Hela iliyobaki nikanunua seti ya spea za miaka miwili na dumu mbili za lita 20. Dumu za nini? Visima vyetu vya huku vingi vina chumvi, unasuuza regyuleta kwa maji ya kisima unadhani umeosha kumbe umeitia chumvi nyingine. Nachota maji baridi, namaanisha matamu, sio ya barafu ya binamu, naiacha ilowe nusu saa kofia ikiwa imefungwa, na sigusi kitufe cha kupulizia cha kile kipande cha mdomoni ikiwa haipo kwenye mtungi, maji yasije yakaingia ndani.

Juzi Mnemba nimeipiga kwenye ngazi ya boti, tayari ina mkwaruzo mmoja pembeni, brasi inachungulia.